Herufi za Upande wa Pili wa Meza

Pipi zilikuwa za kijani, zimefungwa kwenye karatasi inayolia ukiigusa tu, na kwa wiki sita nzima Mama Vifungo hakuwahi kupata hata moja.

Si kwamba alikuwa na uchu nazo. Meno yake ya nyuma mengi yalishamuaga zamani, na hayo yaliyobaki aliyatunza kwa chakula. Lakini katika darasa lile la watu wazima pipi moja ilimaanisha jibu moja sahihi, na atakayepata kumi siku ya mtihani angehesabiwa kuwa amejua kusoma. Na kusoma ndiko alikokuwa akimwomba Mungu, asubuhi na jioni, magoti yakiwa kwenye mkeka: Bwana, kabla hujaniita, nisimame mbele ya watu siku ya zamu yangu, nisome somo kwa macho yangu mwenyewe.

Zamu zenyewe zilikuwa kwenye daftari la Katibu wa akina mama. Kila mwezi Jumapili moja ilikuwa yao, na kila mwezi mama mmoja alisoma, kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine. Daftari likifika kwa Mama Vifungo, Katibu alikohoa kidogo, akasema kwa sauti laini, "Hapa kwa Mama Vifungo atatusaidia mwenzetu anayefuata," akaruka jina kama mtu anayeruka dimbwi asichafue viatu. Miaka kumi na moja. Na kila mara Mama Vifungo aliitikia "Amina" kabla ya wote, ili mtu asije akamtazama usoni.

Hilo jina lake lilitokana na kazi. Alifanya kazi kwenye karakana ya kushona sare, mashine tisa zikinguruma tangu asubuhi, na yeye kwenye kiti kifupi karibu na dirisha akimalizia kwa mkono: matundu ya vifungo, na vifungo vyenyewe. Shati moja vifungo saba, na kimoja cha akiba ndani ya pindo. Hakuna kifungo alichoshona yeye kikang'oka. Mwenye karakana alipenda kusema kwamba shati litachakaa, litageuka tambara la kufutia baiskeli, na vifungo vya huyu mama bado vitakuwa vimekaa pale pale kama polisi.

Darasa lilikuwa nyuma ya kanisa, kwenye chumba cha majoho ya kwaya, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi alasiri. Wanafunzi saba, viti vya plastiki, ubao uliopasuka pembeni, na majoho yametundikwa ukutani kama darasa la pili linalosikiliza kimya. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba aliyetoka chuoni miezi minne tu, shati limenyooshwa hadi mtu angeogopa kujikata nalo, na mkononi alikuwa na vitu vitatu: fungu la kadi, kengele ndogo ya shaba, na mkebe wa pipi.

Siku ya kwanza aliwaeleza mambo yake waziwazi.

"Kila kiumbe hujifunza kwa njia moja," alisema. "Kitendo kikifuatwa na zawadi, kitarudiwa. Kisipofuatwa na kitu, kitakufa chenyewe. Sisi hatuangalii mtu anawaza nini kichwani, maana kichwa hakionekani. Tunaangalia anachofanya." Akawasimulia habari za mtaalamu mmoja wa zamani aliyepiga kengele kila alipomlisha mbwa, mpaka mbwa akawa anadondokwa na mate kwa kengele peke yake, hata pasipo nyama. Akawasimulia na panya ndani ya sanduku, abonyezaye kidude akadondoshewa chakula, akabonyeza tena, na tena.

Mama Mayai akanyoosha mkono. Huyu aliuza mayai kwa trei pale kituo cha mabasi, na mdomo wake haukuwahi kufunga duka.

"Mwalimu, samahani. Humu ndani mbwa ni yupi?"

"Hapana, mama yangu, huo ni mfano tu…"

"Maana kama ni Dereva, mate ninayaona tangu ulipofungua huo mkebe."

Dereva, mzee aliyeendesha lori miaka arobaini kwa kutambua barabara na si vibao, alijifuta mdomo na mgongo wa mkono, darasa likavunjika mbavu.

Basi ndivyo walivyosoma. Mwalimu aliinua kadi. Ukipatia, kengele inalia, pipi inatua mezani papo hapo, kabla hujafumba jicho. Ukikosea, hakuna neno. Kadi inageuzwa, anahamia kwa mwingine, uso mkavu kama ubao. Hakumkaripia mtu hata siku moja, na labda karipio lingekuwa afadhali. Mama Vifungo alipokuwa akitazama zile kadi, herufi zilimkodolea macho kama watu wasiomjua. Alijikaza. Alikunja uso, akainamisha kichwa begani hadi shingo ikauma. Kadi ikageuzwa. Kimya. Pipi ikaenda kwa jirani.

Wenzake waliendelea vizuri, au ndivyo ilivyoonekana. Mama Vifungo alikuwa mtu wa kutazama. Kazi ya kushona vifungo humfundisha mtu kutulia na kuona. Wiki ya tatu akaona jambo. Dereva alipooneshwa kadi hakuitazama kadi. Alitazama mkono wa Mwalimu.

"Mmm… ma…" alianza Dereva, jicho kwenye mkebe. Mkono haukutikisika. "Me…" Mkono bado. "Mi… mo…" Hapo vidole vya Mwalimu vikasogea kidogo tu, upana wa punje ya mchele, kuelekea mkebeni. "Mo!" alipaza Dereva. Kengele ikalia.

Walipotoka nje Mama Vifungo alimnong'oneza, "Mzee wangu, wewe unasoma mkono."

"Dada yangu," alijibu Dereva bila haya, "nimesoma mikono ya matrafiki miaka arobaini. Mwalimu anafundisha mkono vizuri sana."

Mama Mayai naye kisukari kilimkataza pipi. Alizitia mfukoni akawapelekea wajukuu, na wajukuu sasa walimngojea mlangoni, na akirudi mikono mitupu walimnunia kama mahakimu. "Mimi siogopi ujinga," alikiri, "naogopa wale watoto." Ila yeye angalau alijua kweli, maana nyumbani wajukuu ndio waliomfundisha, bure, huku wakimcheka.

Kwa hiyo Ijumaa ya mtihani ilipofika, kati ya watu saba, sita walikuwa na matumaini. Katibu alikuwa ameshatuma ujumbe: Jumapili hii ni zamu ya akina mama, daftari limefika tena kwa Mama Vifungo, na orodha inafungwa leo. Akifaulu, atasoma. Asipofaulu, atarukwa, na zamu itamrudia baada ya miaka miwili na ushee. Mama Vifungo alikuwa na miaka sitini na minne. Siku ile alishona vifungo huku midomo ikitembea, na mwenye karakana, akijua anaomba, alizima redio.

Waliingia mmoja mmoja. Meza ya Mwalimu ilikuwa nyembamba, imesukumwa ukutani katikati ya majoho, kiti chake upande huu na kiti cha mtahiniwa upande wa pili, magoti yakikaribia kugusana. Mama Vifungo aliketi, akaweka mikono mapajani. Kadi ya kwanza ikainuka. Ya pili. Ya tano. Ya kumi. Alijaribu mbili kwa kubahatisha, nane akanyamaza. Kengele haikulia kabisa.

Mwalimu alizipanga kadi taratibu, akazifunga kwa raba. Alikuwa kijana mwenye huruma na hakujua afanye nini na huruma hiyo, kwa hiyo akafungua daftari la ripoti akaanza kuandika. Mwandiko wake ulikuwa wa kialimu, herufi moja moja, zimesimama wima kama za kitabuni.

Mama Vifungo alishusha macho ili asilie mbele ya mtoto wa watu. Macho yakatua kwenye daftari. Kalamu ilikuwa inatembea. Akaifuata tu, kama mtu anavyofuata sisimizi.

"Mwalimu," alisema baada ya kitambo, sauti ndogo, "sasa mimi nimekosa nini mpaka niondolewe?"

"Nani amekuambia unaondolewa, Mama?"

"Si umeandika. 'Mwanafunzi huyu haoneshi maendeleo. Ni afadhali aondolewe darasani, aanze upya mwaka ujao.'" Akanyoosha kidole, kidole chenye alama za sindano. "Na hapa sijui ni nini, umekata."

Kalamu ilisimama. Mwalimu alimtazama, akalitazama daftari, akamtazama tena. Macho yalimtoka pima. Alifungua ukurasa mpya, akaukinga kidogo kwa mkono kama mwanafunzi anayeibiwa majibu, akaandika polepole: MBUZI WA MCHUNGAJI AMEKULA KOFIA YA…

Mama Vifungo aliachia kicheko. "Ya nani? Maliza, mwanangu!"

…YA KATIBU.

"Ee Mungu wangu!" Alicheka hadi akashika ubavu. "Ile yenye manyoya? Lini?"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameingiwa na baridi. Kwa mikono miwili akaligeuza daftari, akamsogezea, herufi zikamkabili mama yule zikiwa zimenyooka. "Soma tena."

Kicheko kikazimika kama mshumaa. Mama Vifungo alikunja uso. Akainamisha kichwa begani. "Hapa umezibinua," alisema.

"Mama, sasa ndiyo zimekaa sawa."

"Kwako labda."

Akaligeuza. "Mbuzi wa Mchungaji." Akaligeuza. Kimya. Akaligeuza. "Amekula kofia." Mara nne alifanya hivyo, kama mtu anayejaribu swichi ya taa, na kila mara taa iliwaka na kuzimika palepale.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Mwalimu, karibu kwa kunong'ona.

"Hakuna. Mimi sijafundishwa. Mimi mtoto wa kwanza, nilibeba wadogo zangu mgongoni wenzangu walipokuwa wanakwenda shule. Kama si wewe na hizi kadi…" Kisha uso wake ukabadilika taratibu, kama chumba mtu anapofungua dirisha moja, halafu la pili. "Subiri," alisema.

Mume wake alikuwa fundi viatu. Chumba chao kilikuwa chembamba, meza imebanwa kati ya kitanda na ukuta, na viti viwili havikuweza kukaa ubavuni; ilibidi mmoja huku, mmoja kule. Kila alfajiri kabla ya kwenda kibandani kwake, marehemu alifungua Neno la Mungu akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, ukucha mweusi kwa rangi ya viatu, maana naye shule yake ilikuwa fupi na bila kidole alipotea. Yeye Mama Vifungo alikaa mbele yake akichagua mchele, au akinyonyesha, au akikunja nguo, na macho yakipumzika yalipumzikia kwenye kile kidole. Miaka thelathini na moja. Hakuna aliyemwambia ajifunze. Hakuna aliyemuuliza swali. Na hakuna aliyempa pipi.

"Nilidhani ni kumbukumbu tu," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuomba ruhusa. "Kitabu cha nyimbo nikikigeuza naona maneno yamekaa vizuri, najisemea, nimezoea sura yake. Kumbe! Na siku moja wa nyuma yangu waliniona nimekishika kichwa chini miguu juu, wakacheka benchi zima. Tangu hapo nikawa nakiacha kimefungwa."

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Mama Mayai na Dereva walikuwa wametega sikio nyuma yake, na sasa waliingia wote wawili kwa pamoja, mmoja juu ya mwenzake.

"Anajua!" alipiga kelele Mama Mayai. "Shoga, unajua! Tena unajua kwa njia ngumu! Sisi wengine tunahangaika na upande mmoja!"

"Mie nilisema," alisema Dereva, ambaye hakuwahi kusema chochote.

Mwalimu alifungua kadi, akazigeuza juu chini, akaanza upya. Kumi kwa kumi. Mkono wake ulipiga kengele kwa mazoea na kuelekea mkebeni, lakini Mama Vifungo akauzuia kwa kiganja.

"Hizo wagawie wajukuu wa Mama Mayai. Mimi zawadi yangu unaijua. Andika jina langu, upeleke kwa Katibu."

Akaandika. Naye akamtazama anavyoliandika, herufi kwa herufi, kutoka upande wake.

Kesho yake, Jumamosi, karakana ilifanya kazi nusu siku. Mama Vifungo alikuwa kwenye kiti chake kifupi, mashati kumi na mawili yakimngoja, Mwalimu alipoingia akipita katikati ya mashine, shati halijanyooshwa, kitabu kinene kwapani. Alivuta ndoo tupu akaigeuza, akaketi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umelala kweli wewe?"

"Kidogo. Nilikuwa nasoma." Akafungua kitabu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimejaa mistari ya penseli, nyota, na maneno pembeni. Kisha akafunua nyingine, safi, zimenata kwa upya. "Hii ni sura ile ile niliyowafundisha. Ila hii ni nusu yake ya pili. Wanasema kulikuwa na panya waliowekwa kwenye vichochoro vingi, wakazurura siku kadhaa bila kupewa kitu. Kila mtu angesema hawajajifunza lolote. Halafu siku moja chakula kikawekwa mwishoni, na kesho yake wakaenda moja kwa moja, kama wenyeji. Njia waliijua siku zote. Hawakuwa na sababu ya kuionesha."

Mama Vifungo alikata uzi kwa meno machache yaliyobaki mbele. "Mara mbwa, mara panya. Kwa binadamu utafika lini?"

"Nimefika, Mama. Ukurasa unaofuata. Watoto waliokuwa wanapenda kuchora wakaahidiwa zawadi wakichora. Zawadi ilipokoma, wakachora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Na wengine walimtazama mtu mzima tu anavyofanya, bila kupewa chochote wao, wakafanya vile vile." Alifunga kitabu. "Yote haya yalikuwemo humu. Nami nilifaulu somo hili kwa alama za juu kabisa."

"Sasa mbona nusu hii hukuisoma?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Haikuwa kwenye mtihani."

Mama Vifungo alimwangalia. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja. "Kwa hiyo na wewe ulikuwa unakula pipi."

Ilichukua muda kidogo kuingia. Kisha kijana yule akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, kicheko cha ajabu chenye kukoroma ndani yake, na mafundi tisa wakasimamisha mashine kuona kuna nini.

Lakini hakuja kwa kicheko tu. Alipotulia akasema, "Kuna jambo. Katibu anasema akina mama hawaamini. Wanasema umekariri. Kwa hiyo somo la kesho hawakulibadilisha kwa ajili yako. Limebaki lile lililopangwa." Akataja.

Sindano ya Mama Vifungo ilisimama hewani. Alilijua. Ilikuwa ile orodha ya watu waliojenga ukuta, fulani mwana wa fulani, na baada yake fulani mwana wa fulani, majina marefu yanayokwama kooni kama mwiba wa samaki. Hata marehemu mumewe akilifikia alikuwa akisema, "Hawa Mungu anawajua," akafunua mbele.

"Na kuna la pili," aliendelea Mwalimu. "Ukisimama pale na kitabu umekigeuza… Mama, watacheka. Tungeweza kuomba zamu isogezwe mwezi ujao. Nitakufundisha upande wa kawaida. Kwa mwendo wako, wiki tatu zinatosha. Utasoma kama wengine."

Hapo Mama Vifungo aliweka shati chini. Kicheko cha lile benchi alikuwa bado anakisikia, miaka yote ile, na moyo ukamrudi nyuma hatua moja. Alitazama dirishani. Nje watu walipita na mizigo yao. Alitaka kusema ndiyo.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "huo upande wenu nitaujifunza, Jumatatu, nikipona hiyo kesho. Lakini nimengoja miaka kumi na moja. Na tena nikuulize, wewe uliyesoma. Mungu ananitazama kutoka juu. Nikisimama pale na kitabu changu, Yeye anakiona kutoka upande gani?"

Mwalimu alikigeuza kile kitabu kinene kichwa chini, akakitazama.

"Basi," alisema Mama Vifungo, akaokota sindano.

Jumapili kanisa lilijaa. Habari ilikuwa imetembea. Hata watu wa ibada ya kwanza walibaki. Mama Mayai alikaa mbele kabisa na wajukuu wanne, kila mmoja shavu limevimba kwa pipi. Dereva alivaa koti. Mwalimu alisimama nyuma karibu na mlango kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Katibu alitaja jina. Safari hii hakukohoa.

Mama Vifungo alipanda ngazi mbili za madhabahu. Kitabu kilikuwa kwenye kimeza cha kusomea, kimefunguliwa tayari, alama nyekundu kwenye ukurasa. Alikitazama. Akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza kichwa chini.

Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi kama upepo kwenye mahindi. Mtu alicheka puani. Katibu, kwa nia njema kabisa, akanyanyuka haraka, akamwendea kwa vidole vya miguu, akanong'ona, "Pole, dada, hivi," akakirudisha.

Mama Vifungo alimtazama kwa upole. "Asante, dada yangu," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "lakini mimi nilikaa upande ule." Akakigeuza tena.

Kisha akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma.

Jina la kwanza alilisoma polepole, silabi baada ya silabi, kama anavyopitisha uzi kwenye tundu. Likapita. La pili likapita. Kufikia la tano, watu waliokuwa na vitabu vyao walikuwa wamevifungua na kufuata kwa vidole, na wale wa benchi lililomcheka zamani walikuwa wanasukumana viwiko. Fulani mwana wa fulani akajenga lango, akaweka milango yake na makomeo yake. Na baada yake fulani. Na baada yake wanawe. Hakuna kiumbe angeweza kukariri kitu kile. Sauti yake ilianza kunyooka. Alipofika mwisho wa ukurasa, mkono wake uliingia kwa upande ambao hakuna aliyeutegemea na kufunua karatasi kinyume, vizuri, bila kusita. Mama Mayai hakuweza kuvumilia tena, akapiga kigelegele katikati ya wajenzi, na wajukuu wakadondosha pipi.

Wanawake wakaitikia. Kelele ile ilipopoa yeye alikuwa bado anasoma. Ukuta ukajengwa hadi mwisho, jiwe la mwisho likawekwa, na Mchungaji akavuta pumzi ili aseme maneno yanayofuata somo.

Mama Vifungo hakunyanyua kichwa. Alikuwa ameona kwamba ukurasa haujaisha.

"'Dhiraa,'" alisoma, kidole kikipanda kwenye herufi ndogo ndogo za mwisho wa ukurasa, zile ambazo hakuna mtu tangu kanisa lile lijengwe aliyewahi kuzisoma, "'ni kipimo cha zamani, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Tazama pia ukurasa wa mia sita na nane.'"

"Mama," alisema Mchungaji kwa sauti ya chini, akijizuia kucheka, "hapo inatosha."

"Bado mistari miwili, Mchungaji."

Mchungaji akageuka akawatazama waumini, akainua mikono, akaketi. Na kanisa zima likangoja, likitabasamu, huku Mama Vifungo akiisoma ile mistari miwili, na baada yake namba ya ukurasa.